Mtandao wa Peja Wenye Chaneli Nyingi: Namna ya Kupanga Mitambo ya Wito wa Dharura Hospitalini

Utangulizi

Moyo wa mgonjwa unaposimama ghafla wodini, muuguzi aliye karibu hana budi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kuanza kukandamiza kifua, na kuita timu ya dharura. Jambo la kwanza tumelifundisha kwa bidii katika vyuo vyetu. La pili tumeliacha mikononi mwa mafundi, kana kwamba halihusiani na tiba. Ilhali inafahamika kwamba, pale ambapo moyo umesimama kwa aina ya mapigo inayotibika kwa kushtuliwa kwa umeme, uwezekano wa mgonjwa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kwa kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila kushtuliwa. Hivyo basi, mtambo unaochelewesha wito kwa dakika moja umeingia katika tiba ya mgonjwa huyo, tutake tusitake.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga vifaa vya mtandao wa peja wenye chaneli zaidi ya moja. Baada ya kuyasoma, daktari, muuguzi au msimamizi wa hospitali anatarajiwa aweze kueleza jinsi wito unavyosafiri, kutambua mahali unapoweza kupotea, na kumwuliza fundi maswali yanayostahili.

Peja na nafasi yake hospitalini

Peja ni redio ndogo ya kupokea tu, inayovaliwa kiunoni na kutoa mlio pamoja na maandishi mafupi. Hospitali ya St Thomas' jijini London ilianza kutumia mtandao wa aina hii mwaka 1956. Wengi hudhani kwamba simu za mkononi zimeufuta kabisa. Sivyo. Mnamo Februari 2019 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba hospitali za umma ziache peja katika mawasiliano ya kawaida ifikapo mwisho wa mwaka 2021. Wakati huo zilikuwa na peja zipatazo 130,000. Hata hivyo, tangazo hilohilo liliruhusu baadhi ya peja zibaki kwa ajili ya dharura, pale ambapo njia nyingine za mawasiliano zimekatika.

Sababu ya ruhusa hiyo ni ya kitaalamu. Simu huita mtu mmoja mmoja, na hutegemea minara ambayo hospitali haiimiliki. Peja huita watu kumi kwa mrusho mmoja, kutoka kwenye mtambo ulio ndani ya uzio wa hospitali yenyewe.

Wito unavyosafiri

Mtandao una sehemu nne. Ya kwanza ni chanzo cha wito: swichibodi ya simu, kompyuta, au kengele ya moto na ya gesi ya oksijeni. Ya pili ni enkoda, yaani kifaa kinachogeuza ujumbe kuwa msimbo. Ya tatu ni mtambo wa kurusha mawimbi pamoja na antena yake. Ya nne ni peja zenyewe.

Msimbo unaotumika sana huitwa POCSAG, nao ulibuniwa Uingereza. Kila mrusho huanza na biti 576 za kuamsha peja zilizolala. Kisha hufuata mafungu. Kila fungu lina neno moja la kupatanisha na maneno 16 ya msimbo, kila neno likiwa na biti 32, jumla biti 544. Maneno hayo 16 hugawanywa katika fremu 8. Anwani ya peja ikigawanywa kwa 8, baki ndiyo namba ya fremu yake. Peja huamka kusikiliza fremu yake tu, kisha hulala tena. Ndiyo maana betri moja ndogo hudumu kwa wiki kadhaa.

Maana mbili za neno chaneli

Neno hili huleta mkanganyiko mwingi baina ya matabibu na mafundi. Kwa fundi wa redio, chaneli ni masafa: mawimbi ya megahezi fulani yaliyotolewa kwa leseni. Kwa msimamizi wa hospitali, aghalabu chaneli ni kundi la watu: timu ya moyo, timu ya uzazi, timu ya moto. Kundi hupatikana kwa kuzipa peja kadhaa anwani moja ya pamoja, juu ya anwani ya kila peja peke yake.

Tofauti hii ina uzito. Makundi kumi yaliyo kwenye masafa mamoja bado hupita kwenye mlango mmoja. Kundi moja likiongea, mengine husubiri. Masafa mawili ni milango miwili. Lakini peja ya kawaida husikiliza masafa mamoja tu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, hospitali iandike orodha ya nani anabeba peja ipi na anaitwa kwa jambo gani. Masafa hayachaguliwi kwa hiari: nchini Tanzania hutolewa na TCRA, na nchini Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano.

Kasi na foleni

POCSAG hurushwa kwa kasi tatu: biti 512, 1200 au 2400 kwa sekunde. Tuchukue ujumbe wa herufi 40. Kila herufi ni biti 7, na kila neno la msimbo hubeba biti 20 za ujumbe. Basi yatahitajika maneno 14, pamoja na neno moja la anwani. Kutegemea fremu ya peja, ujumbe huo utachukua fungu moja au mawili. Ukichukua mafungu mawili pamoja na biti za kuamsha, jumla ni biti 1664. Muda wake ni huu:

- kwa kasi ya 512: sekunde 3.25;
- kwa kasi ya 1200: takriban sekunde 1.4;
- kwa kasi ya 2400: takriban sekunde 0.7.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, mpaka foleni itokee. Tuseme ni saa mbili asubuhi, wodi zinaita madaktari kwa ajili ya dawa, vipimo na ruhusa, na jumbe 20 zinasubiri kurushwa moja moja kwa kasi ya 512. Wito wa moyo uliosimama ukiwekwa nyuma yao utasubiri sekunde 65. Foleni peke yake imekula zaidi ya dakika nzima, na hakuna kifaa kilichoharibika.

Suluhisho ni mawili. La kwanza ni kuipa enkoda amri ya kipaumbele, ili wito wa dharura uruke foleni. La pili, lililo imara zaidi, ni kuutengea wito wa dharura masafa yake na mtambo wake. Kuongeza kasi si tiba ya moja kwa moja, kwa sababu biti za polepole husikika vizuri zaidi pale ambapo mawimbi ni dhaifu, kama vile nyuma ya kuta nene. Mpango wa busara ni kuipa chaneli ya dharura kasi ndogo isiyo na foleni, na chaneli ya kawaida kasi kubwa.

Kuweka na kurekebisha mitambo

Hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio, kwa kila chaneli peke yake:

1. Funga antena kwanza. Mtambo usiwashwe bila antena au mzigo wa majaribio, kwani nishati isiyo na pa kwenda hurudi na kuunguza hatua ya mwisho ya mtambo. Pima wati zinazokwenda na zinazorudi. Wati nyingi zinazorudi ni dalili ya kebo mbovu au kiungo kilichoingia maji.

2. Weka masafa na nguvu kama leseni inavyosema. Mtambo uwe mbali na chumba cha wagonjwa mahututi na maabara, ili mawimbi yasiingilie vifaa vya tiba.

3. Rekebisha mchepuko wa masafa. Katika POCSAG masafa husogea kilohezi 4.5 juu na chini ya kiini chake. Mchepuko ukipungua, peja za mbali hushindwa kusoma. Ukizidi, hutia fujo kwenye chaneli jirani.

4. Hakikisha mwelekeo wa biti. Masafa ya chini huwakilisha 1, ya juu huwakilisha 0. Ukigeuzwa, mtambo utaonekana unafanya kazi, taa zitawaka, na hakuna peja hata moja itakayolia.

5. Peleka data kupitia mlango wa data wa mtambo. Mlango wa maikrofoni una vichujio vilivyotengenezwa kwa sauti ya mtu, navyo huharibu umbo la biti.

6. Andika anwani katika peja na katika enkoda, kisha mtu wa pili azilinganishe kwa kusoma kwa sauti, kama tufanyavyo kabla ya kumwekea mgonjwa damu.

Hospitali yenye majengo mengi

Mtambo mmoja mara nyingi hautoshi. Kuta za risasi za chumba cha eksirei, lifti na vyumba vya chini ya ardhi huzuia mawimbi. Ukiongeza mtambo wa pili kwenye masafa yaleyale, mawimbi ya mitambo hiyo hukutana hewani, na biti zake lazima zilingane. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba tofauti isizidi robo ya biti. Kwa kasi ya 1200 biti moja hudumu mikrosekunde 833, hivyo robo yake ni kama mikrosekunde 208.

Umbali wenyewe si tatizo ndani ya hospitali, maana mawimbi husafiri mita 300 kwa kila mikrosekunde moja. Hatari iko kwenye waya: data ikipelekwa kwa mtambo wa pili kupitia mtandao wa kompyuta, yaweza kuchelewa kwa maelfu ya mikrosekunde. Dawa yake ni kuipa mitambo yote saa moja inayotokana na setilaiti za GPS, au kuirusha kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Zamu ni rahisi na ya gharama ndogo, lakini huongeza muda wa kila wito. Rudia hesabu ya foleni kabla ya kuichagua.

Kimya hakina maana ya usalama

Hapa ndipo kiini cha somo hili. Peja ya kawaida haijibu. Mtambo ukizimika, peja iliyo kiunoni mwa daktari hukaa kimya, na kimya hicho hakina tofauti na kimya cha zamu tulivu. Daktari hufurahia utulivu, kumbe ameshakatika na hospitali. Kwa hiyo mtandao upangwe ili hitilafu ijitangaze yenyewe kabla mgonjwa hajaifichua.

Kwanza, iwekwe redio ya ulinzi katika kona ya mbali ya hospitali, isikilize ujumbe wa majaribio unaorushwa kila baada ya dakika chache, na ipige kengele swichibodi ujumbe huo usipofika. Pili, zinunuliwe peja zinazolia zenyewe zikikosa kusikia mtambo kwa muda uliowekwa. Tatu, kila siku kwa saa maalumu timu ya dharura iitwe kwa majaribio, na kila mwanatimu apige simu swichibodi kuthibitisha. Asiyepiga atafutwe papo hapo, kwani huenda betri yake imekwisha.

Aidha, ziangaliwe njia zinazotegemewa kwa pamoja. Tarehe 19 Mei 1998 setilaiti moja iitwayo Galaxy IV iliharibika, na sehemu kubwa ya peja za Marekani, zikiwamo za madaktari, zikanyamaza kwa mara moja. Kampuni zilikuwa nyingi na masafa yalikuwa mengi, lakini njia ya juu ilikuwa moja. Hospitali yaweza kujijengea hali hiyohiyo kwa udogo: chaneli mbili zinazotumia soketi moja ya umeme, betri moja ya akiba au enkoda moja, kwa hakika ni chaneli moja. Kila chaneli iwe na umeme wake na antena yake, na chaneli ya dharura iweze kuamshwa kwa mkono swichibodi hata kompyuta zote zikizimika.

Siri ya mgonjwa

POCSAG haifichi ujumbe. Mtu yeyote mwenye redio ya bei nafuu iliyounganishwa na kompyuta aweza kuusoma. Ujumbe utaje aina ya wito, jengo, ghorofa na wodi. Usitaje jina la mgonjwa wala ugonjwa wake. Ufupi huo huhifadhi siri, na pia hupunguza biti.

Hitimisho

Hata hospitali isiyo na peja, inayoita kwa simu za mkononi au kengele, ina mtandao wa wito, nao una foleni, vizuizi na vimya vyake. Kanuni ni zilezile: tenga njia ya dharura, usiache njia mbili zikutane mahali pamoja, na ujaribu kila siku. Kazi ya vipimo ni ya fundi. Swali la nani ataitikia, na kwa muda gani, ni letu sisi matabibu.

Maswali ya kujipima

1. Katika hospitali yako, wito wa dharura hupita kwenye vifaa vingapi kabla ya kumfikia daktari? Vitaje kwa mpangilio.
2. Ni kipi kati ya hivyo kikizimika sasa hivi, hakuna atakayejua?
3. Jumbe 20 za herufi 40, kila moja ikichukua biti 1664, zitachukua muda gani kwa kasi ya 1200 zikirushwa moja moja? Je, wito wa dharura waweza kusubiri muda huo?
4. Mara ya mwisho timu yako kuitwa kwa majaribio ilikuwa lini, na nani hakuitikia?