Mazoezi ya mtoto nyumbani: simu isaidie

Kwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa viungo anayeishi Lubunga, ng'ambo ya mto, kuvuka hadi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni nauli na siku nzima. Basi ukiwa naye, mwombe ruhusa umrekodi: mikono yake inashika nyonga ya mtoto wapi, goti analikunja polepole kiasi gani. Nyumbani rudia hivyo hivyo, kisha mtumie video yako kwa WhatsApp akusahihishe. Usiokote zoezi lolote la YouTube. Mtoto mwenye misuli iliyokaza na mwenye misuli legevu hawafanyi mazoezi sawa. Mtoto akilia kwa maumivu, acha. Simu husaidia pia mtoto asiyesema: ipo programu ya Cboard, anagusa picha, simu inatamka. Ipakue mtandao ukiwepo, kisha uijaribu bila intaneti.