Kikao kwa Simu: Kuchagua Programu ya Mikutano ya Mtandaoni kwa Jumuiya na Vyama vya Ipole

Kijitabu hiki kimeandaliwa kwa makatibu, wenyeviti na wahasibu wa Ipole, wilayani Sikonge: wa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, wa vyama vya msingi vya wakulima, wa vikundi vya wafuga nyuki, na wa ofisi za vijiji. Kinalinganisha programu za mikutano ya mtandaoni kwa kuangalia mahitaji ya hapa, ambako mjumbe mmoja ana simu janja, mwingine ana kitochi, na wa tatu yuko porini anarina asali.

Umbali ndio unaotuleta kwenye jambo hili. Ipole ni njia panda. Ukitoka Tabora kupitia Sikonge, hapa barabara moja inashuka Rungwa, kilomita 172, kuelekea Mbeya. Nyingine inakwenda Mpanda. Hifadhi ya jamii ya Ipole ilikuwa miongoni mwa maeneo 16 yaliyoteuliwa kwa majaribio nchini, na tangu hapo viongozi wake wanalazimika kuzungumza na wilaya, na mkoa, na wizara iliyoko Dodoma, na mwekezaji anayeweza kuwa Arusha. Kikao cha saa mbili kinakula siku mbili tatu za mtu, nauli na malazi. Fedha hiyo ingeweza kulipa posho ya doria.

Ukanda huu unajua gharama ya taarifa kuchelewa. Mfuko wa barua alizotumiwa mvumbuzi Livingstone uliandikwa tarehe 1 Novemba 1870 kule Zanzibar, ukaja na msafara hadi Unyanyembe, ukakwama. Mwaka 1871 vita vya mtawala Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya kawaida ya Ujiji, alikokuwa Livingstone, kwa hiyo Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta, alitoka Kwihara akazungukia kusini, kupitia Ugunda, na mfuko ule ukamfikia Livingstone baada ya kama mwaka mzima. Funzo la njia ile bado lina kazi kwa katibu wa leo: mtandao ukikatika katikati ya kikao, lazima njia ya pili iwe imeshapangwa.

Anza na bando la mjumbe

Watu wengi huchagua programu kwa kuangalia ofisi inayoitisha kikao. Sisi tunashauri kinyume chake: angalia mjumbe mwenye simu dhaifu na bando dogo kuliko wote, maana kura yake ni sawa na ya mwenyekiti.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Zoom inapendekeza kasi ya kilobiti 600 kwa sekunde ili picha ya watu wawili ionekane vizuri. Kwa saa nzima hiyo ni MB 270 za kupokea na 270 nyingine za kutuma, jumla 540. Sauti peke yake inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde; hata kwa kiwango cha juu, saa nzima ni MB 36 kwa kila upande. Yaani bando linaloisha kwa saa moja ya picha linatosha vikao kadhaa vya sauti. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza, kwa programu yoyote mtakayoichagua, ni hii: kamera zifunguliwe wakati wa salamu ili watu watambuane, kisha zizimwe. Anayewasilisha hesabu atume ukurasa wa hesabu kama picha kwenye kundi kabla ya kikao, badala ya kuonyesha skrini yake kwa nusu saa.

Programu zenyewe

WhatsApp ndiyo tunayoipendekeza kwa kamati ndogo. Wenye simu janja wengi wanayo tayari, hakuna cha kujifunza, na simu ya kundi inachukua hadi watu 32. Mazungumzo yake yamesimbwa kutoka simu hadi simu, yaani aliye njiani hawezi kuyasikiliza. Udhaifu wake ni uendeshaji: mwenyekiti hana nguvu ya kutosha juu ya nani azungumze, na kundi la wajumbe 20 wenye mawazo makali hugeuka soko.

Google Meet inafuata. Simu nyingi za Android huja na akaunti ya Google, kwa hiyo mjumbe anabonyeza kiungo na kuingia. Bila malipo inaruhusu watu 100 kwa dakika 60. Kwa kikao cha bodi, dakika 60 zinatosha ikiwa ajenda imetumwa mapema.

Zoom ndiyo bora zaidi kwa mwenyekiti anayetaka utaratibu. Ina chumba cha kusubiri, mkono wa kuomba nafasi, na uwezo wa kunyamazisha maikrofoni zote kwa mara moja. Mjumbe anaweza kujiunga bila kufungua akaunti. Lakini toleo la bure linakata kikao baada ya dakika 40, mara nyingi pale hoja inapoanza kuiva. Ikiwa chama kinafanya vikao vikubwa kila mwezi, kulipia akaunti moja ya ofisi kunaeleweka. Kwa kikao kimoja kwa robo mwaka, si lazima.

Microsoft Teams, nayo dakika 60 na watu 100 kwa toleo la bure, inafaa ofisi ambazo tayari zinatumia barua pepe na nyaraka za Microsoft. Kwa mjumbe wa kijiji ni programu nzito. Msimlazimishe kuipakua kwa sababu tu mgeni mmoja anaipenda. Skype msihangaike nayo: ilifungwa Mei 2025. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo yahakikisheni kabla ya kulipa chochote.

Wenye vitochi je? Hapa programu zote hushindwa, na ndipo viongozi wengi huishia kuwaacha watu nje. Njia inayofanya kazi ni kituo cha pamoja: wajumbe watatu au wanne wa kijiji kimoja wakutane kwenye ofisi ya kijiji na watumie simu moja. Simu iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, katikati ya meza, maana meza tupu hubeba kila kishindo cha kalamu na kiwiko hadi upande wa pili. Anayetaka kusema ataje jina lake kwanza. Na kuanzia Novemba hadi Aprili msipange kikao cha alasiri chini ya bati: mvua ikianza kupiga, hakuna maikrofoni itakayowasaidia. Asubuhi ni salama zaidi.

Yasiyofaa kusemwa mtandaoni

Hapa tunaomba umakini kuliko mahali pengine pote. Njia za doria, idadi ya askari wa wanyamapori walioko zamu, mahali tembo walipoonekana, jina la aliyetoa taarifa za ujangili: mambo haya yasijadiliwe kwenye kikao cha mtandaoni chenye watu wengi, hata kama programu inasifiwa kwa usalama. Usimbaji hulinda maneno yakiwa njiani tu. Haumzuii mtu aliyeketi pembeni ya mjumbe asisikie, wala haumzuii mjumbe mwenyewe kurekodi kwa simu ya pili. Mwaka 2020 wavamizi waliingia kwenye vikao vya Zoom duniani kote kwa sababu viungo vilisambazwa hovyo. Kiungo cha kikao kitumwe kwa mjumbe mmoja mmoja, na katibu aruhusu kuingia majina anayoyatambua tu.

Kurekodi nako kuna sheria. Sauti na sura ya mtu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Waambieni wajumbe kabla ya kubonyeza kitufe, waelezeni rekodi itatunzwa na nani, na ifutwe muhtasari ukishathibitishwa. Muhtasari ulioandikwa na kusainiwa unabaki kuwa kumbukumbu ya chama. Rekodi ya simu haichukui nafasi yake. Akidi ihesabiwe kwa kuita majina mwanzoni, na iitwe tena kabla ya kila uamuzi wa fedha, kwa kuwa mtu anaweza kukatika bila yeyote kujua. Kwanza kabisa, hakikisheni katiba yenu inaruhusu maamuzi ya namna hii; kama iko kimya, ifanyieni marekebisho kwa utaratibu wake.

Mkutano mkuu wa kijiji ubaki uwanjani. Sheria inautaka ufanyike angalau kila baada ya miezi mitatu, na ni wa kila mkazi mtu mzima, mwenye simu na asiye nayo. Mapato na matumizi yasomwe pale, mbele ya watu, na mwananchi aweze kusimama na kuuliza.

Kabla ya kikao chenu kijacho, tunamwomba katibu ampigie kila mjumbe na kumuuliza mambo mawili: anatumia simu ya aina gani, na nyumbani kwake mtandao upi unashika. Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari la chama, na programu ichaguliwe kwa kufuata orodha hiyo.