Moshi wa Jikoni: Dohani Fupi Haitoshi

Ukienda kuwasalimu wazazi Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi, ingia jikoni kabla ya chakula kuletwa mezani. Muthokoi na isyo huchemka kwa saa kadhaa, na katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni hupikwa kwa kuni. Muda huo wote mpishi huvuta moshi, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Wengi wetu tuishio mjini tumewajengea wazazi jiko lenye dohani, tukadhani kazi imekwisha. Lakini dohani fupi hurudisha moshi ndani.

Moshi hudhuru vipi?

Moshi wa kuni una chembe ndogo sana zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Huchangia nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5, na kwa watu wazima ugonjwa sugu wa mapafu unaowafanya wahemewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Moshi huo pia una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Mama akisema kichwa humuuma na huona kizunguzungu akiwa jikoni, kisha hupata nafuu akitoka nje, ishuku gesi hii.

Dohani iwe na urefu gani?

Hewa moto ni nyepesi, hivyo hupanda. Kadiri dohani inavyokuwa ndefu, ndivyo inavyovuta moshi kwa nguvu. Ikiishia chini ya kilele cha paa, upepo huusukuma moshi urudi chini. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni hii: mdomo wa dohani upite paa kwa sentimita 90 hivi pale inapotokea, na uzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, liwe paa la jirani au mwembe.

Usalama wa moto

Bomba la bati la tabaka moja likae umbali wa sentimita 45 kutoka kwenye mbao, na lisipitishwe kamwe kwenye paa la nyasi. Tumia kuni zilizokauka, kwani mbichi huacha masizi yanayoziba dohani na yanayoweza kushika moto. Safisha masizi hayo mara kwa mara jiko likiwa limepoa. Acha dirisha wazi pia, kwa sababu dohani haivuti vyema ikiwa hewa mpya haiingii.

Jiko la makaa, kwa upande wake, halina dohani. Usiliweke chumbani unapolala, hata usiku wa baridi.

Mwisho, mzazi akikohoa kwa wiki 2 au zaidi, usiridhike kusema ni moshi tu. Mpeleke kituo cha afya akapimwe kifua kikuu. Mtoto anayepumua kwa haraka, au ambaye kifua chake kinabonyea kila avutapo pumzi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.