Mifupa Ni Depo ya Mwili

Wandugu wakulima, kila koperative iko na depo. Mwili pia uko na yake: mifupa. Mtu mzima anabeba karibu kilo 1 ya kalsiamu. Katika kila sehemu 100, 99 ziko ndani ya mifupa na meno. Ile kidogo inayobaki inasaidia moyo kupiga na misuli kutumika.

Nani anatunza depo? Shingoni kuna tezi 4, ndogo sawa punje za mchele. Kalsiamu ikipunguka katika damu, zinatuma homoni, ni kusema mjumbe. Mjumbe anafungua depo, anaambia figo zisiimwage katika mkojo, tena anaamsha vitamini D ili tumbo livute kalsiamu zaidi katika chakula. Ikitosha, tezi zinanyamaza. Lakini tusipokula ya kutosha, depo inakopwa kila siku bila kulipwa. Mifupa inakuwa mepesi, inavunjika haraka.

Hapa Shinkolobwe kuna hatari nyingine. Mawe ya mgodi yenye uraniumu yako pia na radiumu. Radiumu inafanana na kalsiamu: mwili unadanganyika, unaiweka katika depo, nayo inaharibu mifupa kwa miaka mingi.

Tufanye nini?

- Tukule bukari na ndakala pamoja na mifupa yake, sombe na maharagi. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha agawiwe wa kwanza.
- Tusinywe mayi ya mashimo ya mgodi, wala tusimwangilie nayo bustani.
- Tusijenge nyumba na mawe ya kule.

Swali la mkutano: mayi ya bustani yetu yanatoka wapi?