Bunyonyi msimu wa mvua: kwenda kisiwani na kurudi siku hiyo hiyo

Kwanza rekebisha saa yako. Ukitoka Kalunguta ukavuka mpaka pale Kasindi, saa ya Uganda iko mbele kwa saa nzima. Ukimwahidi mpiga kasia saa moja asubuhi huku simu ikisoma saa ya Beni, utafika saa mbili yake, na wakati mzuri wa ziwa utakuwa unapita.

Wakati huo ulinde kuliko pesa. Bunyonyi, karibu na Kabale, liko kama mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, katikati ya vilima vilivyolimwa hadi kileleni. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, asubuhi kuna ukungu lakini maji yametulia. Mchana joto likipanda, mawingu hukusanyika vilimani na upepo hushuka ghafla. Basi lala Rutinda, penye gati, panda mtumbwi ukungu ukianza kuinuka, na kabla ya saa nane uwe umerudi nchi kavu.

Chagua kisiwa kimoja tu. Viko 29, na tamaa ya kuvizunguka huwaacha watu katikati ya maji radi ikipiga. Mimi nachagua Bwama, ambako mwaka 1931 daktari Mwingereza Leonard Sharp alianzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma. Leo wanafunzi husoma hapo. Njiani omba kupita karibu na Akampene, kijisiwa cha nyasi ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe, isipokuwa aje kumchukua mwanamume asiye na mahari. Hapo nyamazeni kidogo.

Wageni ni wachache msimu huu, kwa hiyo bei huzungumzika. Patana kwenda, kungojwa na kurudi, nusu ulipe mkirudi. Usitegemee mitumbwi ya soko la Jumatatu na Ijumaa: asubuhi inatoka visiwani, mchana inarudi huko, kinyume chako kabisa.

Jile la kuelea livae na ulifunge kamba; usilikalie. Pasipoti, kadi ya homa ya manjano na simu vitie ndani ya sashe mbili zilizofungwa vizuri. Beba sweta, hata kama umezoea baridi ya Butembo, maana nguo ikilowa juu ya maji unatetemeka hadi nyumbani.

Upepo ukiwakuta, kaa chini kabisa ndani ya mtumbwi, usisimame, na mwache mpiga kasia aelekee ufuko wowote ulio karibu. Mkishatua, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Na ukiamka mvua inanyesha, ngoja hadi saa nne. Isipokatika, usiende. Kula kamba wa ziwa hapo ufukoni, na mpe mpiga kasia chochote: naye aliamka alfajiri kwa ajili yako.