Mizani inakupunja? Angalia chini ya sahani kwanza

Wauza dagaa wa mtandaoni, hii inatuhusu. Gunia likiisha kabla ya hesabu, usikimbilie kumshuku kijana anayefunga mzigo.

Mizani ya dijitali ina kipande cha chuma ndani, kinapinda kidogo sana ukiweka mzigo, namba inatoka hapo. Mchanga au vichwa vya dagaa vikijibana chini ya sahani, sehemu ya uzito inaegemea kwenye bodi. Mizani inasoma pungufu, wewe unaongeza dagaa. Dada mmoja wa Kibirizi kila kilo yake ilikuwa inaondoka na gramu 60 za bure. Kwenye kilo 50, hizo ni kilo 3! Betri alishabadilisha mara mbili.

Jaribu hivi: meza isiyoyumba, feni zima. Weka pakiti ya chumvi katikati ya sahani, halafu kila kona. Namba zikitofautiana, toa sahani, safisha, hakikisha miguu yote inagusa meza, pima tena.

Bado? Usivunje lakiri ujifungulie mwenyewe. Wapelekee Wakala wa Vipimo, si mizani ya biashara inahakikiwa kila mwaka hata hivyo.