SOMO: KUREKEBISHA RANGI ZA PROJEKTA MKUTANONI



Katika chama kimoja nilichokikagua, wanachama walioneshwa kwa projekta picha za matunda ya kahawa, mabivu mekundu na mabichi yenye umanjano. Ukutani yote yalionekana ya rangi moja. Mzee mmoja akauliza, "Sasa tuchume yapi?" Somo likapotea.

Basi, kabla ya mkutano Katibu afanye yafuatayo:

1. Afunge madirisha na kutundika shuka nyeupe, maana ukuta wenye rangi huiambukiza picha. Aiache taa ipate moto kwa dakika 20.

2. Achague hali ya picha ya kawaida au ya sinema. Ile yenye mwanga mkali kupita zote mara nyingi huelekea ukijani.

3. Arekebishe mwangaza hadi weusi uwe mweusi pasipo kumeza vivuli. Kisha tofauti ya weupe na weusi, maandishi hafifu yasifutike.

4. Joto la rangi aliweke karibu na Kelvini 6500. Namba kubwa huleta ubuluu, ndogo huleta wekundu.

5. Mwisho arekebishe ukolevu wa rangi, akilinganisha picha na tunda halisi mkononi.

Picha yote ikiwa ya manjano, buluu imekosekana. Huenda waya wa VGA umelegea, vitufe havitaponya.

Swali la kujadili: Je, tarakimu nyekundu za hasara katika mizania yenu zasomeka kutoka kiti cha nyuma?